Nyigu wa Shamba la Mama Mkwe

Kwetu, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, hamsemeshi ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi vijana wa mji wetu wa Baraka wamelegeza mambo, wanakaa na wakwe zao wakitazama mpira, lakini mimi nilioa kabla ya ustaarabu huo. Nilipokuwa chuo kikuu niliwaeleza wenzangu wa mikoa mingine desturi hii, wakacheka sana. Wengine walitamani iletwe kwao. Hakuna kati yetu aliyefikiri ingekuwaje iwapo vita vingemfungia mwanamume na mama mkwe wake katika kibanda kimoja cha shamba, chenye mlango mmoja, kiangazi kizima.

Mimi nilifungiwa.

Ilikuwa katika vita vya pili vya Kongo. Baraka ilikuwa imebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, na kila wenyewe wapya walianza kazi kwa kuwatafuta marafiki wa wenyewe wa zamani. Risasi zilipoingia mtaani kwetu, mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mimi nilikuwa na shahada ya kilimo ambayo haikuwa imewahi kupanda kitu chochote, na mama yake, mjane, alikuwa na shamba la mihogo juu vilimani, upande wa kuelekea Lubondja. Kati yetu sisi watatu, ni yeye tu aliyekuwa na kitu cha maana. Tukamfuata.

Mpango ulikuwa kukaa kule mpaka mtoto azaliwe na mke wangu apate nguvu, kisha tushuke ziwani na kutafuta mtumbwi wa kuvuka kwenda Tanzania. Kushuka kabla ya hapo kulimaanisha kupita barabarani polepole, na barabarani kulikuwa na vizuizi. Kwenye vizuizi, wanaume wa umri wangu walikuwa wakitolewa kwenye mstari. Wengine walibebeshwa mizigo kupandisha njia ya Minembwe. Wengine hatukujua walibebeshwa nini, kwa kuwa hawakurudi kusema. Kwa hiyo mihogo ile ilikuwa zaidi ya chakula. Muda wote ilipokuwepo, sikuwa na sababu ya kukanyaga barabara. Ikiisha, njaa ingetushusha sisi watatu mpaka kwenye kizuizi, na nilijua ni wawili gani wangeruhusiwa kupita.

Niliogopa. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akatafuta ushujaa katika ukurasa huu. Niliogopa kwa bidii, kama mwanafunzi mzuri. Wiki ya kwanza tulimchinja jogoo kwa sababu alikuwa anawika, tukabaki na matetea watatu tuliowaheshimu kwa ukimya wao. Kinu tulikilaza chali. Sombe, yaani kisamvu, ambayo kila mtoto wa kwetu Fizi anajua kwamba bila kutwangwa ni majani tu, tuliisaga kwa jiwe juu ya jiwe, polepole, maana sauti ya mtwangio huvuka bonde na kumwambia kila mtu kwamba hapa kuna mwanamke, na palipo na mwanamke kuna chungu. Moto tuliuwasha kwa kuni kavu kabisa, chini ya majani ya paa, na mama mkwe alikuwa akiupepea moshi kwa ungo ili usambae kabla haujapanda. Nilijifunza kukohoa ndani ya shati. Tawi likivunjika mahali fulani, sisi watatu tulikuwa tunaacha kutafuna.

Katikati ya kibanda tulitundika kitenge. Upande mmoja alilala mama mkwe, upande wa pili mimi na mke wangu. Mazungumzo yalipita kwa mke wangu, kama sheria inavyotaka, ingawa kibanda kilikuwa kidogo kiasi kwamba nilisikia mama mkwe akimeza mate. Ndivyo nilivyopata habari za ugonjwa.

"Ambia bwana yako, mihogo iko inagonjwa," alisema asubuhi moja, nyuma ya kitenge.

"Mama anasema mihogo iko inagonjwa," mke wangu akaniambia.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mi pia nimesikia kama amesikia. Sasa anasema nini, yeye mwenye alisomea mihogo?"

Nilitoka nje kutazama, nikizunguka nyuma ya kibanda ili tusikutane. Vichwa vya mihogo, pale juu ambapo majani machanga hutokea, vilikuwa vimejikunja kama ngumi. Nilipokikunjua kimoja nikaona ndani wadudu weupe, wamejipaka kitu kama unga, wamebanana kama abiria, na sisimizi weusi wakipita juu yao kulamba utamu wao. Nilipita mstari baada ya mstari. Upande wa chini wa shamba, kuelekea kijito, mashina mengi yalikuwa yamekauka juu na kubaki fimbo.

Mdudu huyo nilimjua. Nilikuwa nimemchora kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Aliingia Kongo kutoka Amerika ya Kusini, labda juu ya vipande vya mihogo alivyobeba mtu, na kwa miaka alikula mashamba bila mpinzani, kwa sababu alikuwa amewaacha adui zake wote nyumbani kwao. Ndipo wataalamu wakaenda kule alikotoka, wakamtafuta anayemuua, wakampata: nyigu mdogo sana, mfupi kuliko punje ya mtama, asiyemuuma mtu. Wakamleta, wakamwachia, naye akasambaa mwenyewe kutoka shamba hadi shamba bila pasipoti.

Nyigu jike hutembea juu ya kichwa cha muhogo akimgonga mdudu mweupe kwa vipapasio vyake, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akiridhika, anamchoma kwa mkia na kuacha yai ndani yake. Akimpata mdudu mkubwa huacha yai la jike, akimpata mdogo huacha la dume. Jinsi anavyoamua ni jambo lililomtoa jasho profesa wetu. Yai linakuwa funza, funza anamla mwenyeji wake kutoka ndani, na kwa siku za kwanza mwenyeji anaendelea kunyonya muhogo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha anavimba, anakuwa mgumu na wa kahawia, kama jeneza dogo. Mwishowe nyigu kijana anakata tundu la duara upande mmoja, safi kama limekatwa na fundi, na kutoka.

Sasa, katikati ya ule unga mweupe, nilikuwa naona vitu vya kahawia, vigumu, vilivyovimba. Havikuwa vingi. Nilivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Nyigu walikuwa wamefika hata kule, wakiwa wamepita vizuizi vyote.

"Ambia bwana yako, kesho tunakata vichwa vyote na kuchoma," mama mkwe alisema jioni hiyo. "Iko na mayai mule ndani. Ya rangi ya kahawa. Ikipasuka, shamba imeisha."

Kila mtu vilimani angesema hivyohivyo, na kwa macho matupu vilifanana na mayai kweli. Nikamwambia mke wangu amweleze kwamba yale si mayai. Kwamba kila kimoja ni mdudu aliyekwisha kufa, na ndani yake kuna rafiki yetu. Tukivichoma tunawachoma askari wetu wenyewe.

Mke wangu aliyafikisha yote, isipokuwa aliruka neno askari.

"Hizo nyeupe," nikaendelea, nikianza kunogewa, maana tangu nitoke chuoni sikuwa nimepata darasa, "zote ni majike. Hakuna dume hata mmoja. Zinazaa zenyewe."

"Mama, anasema hizi zote ni bamama, zinazaa bila bwana."

Nyuma ya kitenge nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Ambia bwana yako, mi pia niko nalima bila bwana tangu baba yako alikufa. Haiko sababu ya kukuliwa na nyigu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaziba mdomo kwa mkono, maana kicheko nacho huvuka bonde.

Sikuwa na uhakika, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilichokuwa nacho ni mchoro wa darasani na mbinu ya kuipita mitihani. Pengine nyigu walikuwa wachache mno. Sisimizi huwafukuza. Mvua ilikuwa mbali bado, na mdudu mweupe hustawi kiangazi. Kama ningekosea, ningekuwa nimewaua watu watatu na nusu kwa kutumia elimu ya serikali. Na hata hivyo, nikijichunguza vizuri, sikujua kama nilikuwa nawatetea nyigu au nilikuwa naogopa moshi. Vichwa vibichi vya mihogo vikichomwa hutoa moshi mzito, mweupe, usiopepewa na ungo wowote.

Majirani wa kilima cha pili waliumaliza ubishi. Walikuwa familia kama sisi, wamejificha ng'ambo ya bonde; hatukuwahi kusalimiana ila tulijua wapo. Ugonjwa uliwafikia nao. Asubuhi moja isiyo na upepo tuliona moshi wao ukisimama wima kama nguzo, mweupe, ukiendelea kupanda. Mama mkwe alikuwa upande wake wa shamba na mimi upande wangu, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo kwa adabu, tukiutazama moshi uleule. Jua lilipokuwa utosini tukasikia risasi kutoka kule. Chache, zimeachana, kama mtu anayepigilia misumari. Baadaye moshi mwingine ukapanda, mweusi, wa paa.

Hatukula siku hiyo. Jioni sauti ikatoka nyuma ya kitenge.

"Ambia bwana yako, hatuchomi."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda mjadala pekee wa kisayansi maishani mwangu.

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu wakati shamba linaliwa. Alitaka vichwa vibaya viondoke. Tukajadiliana, kupitia mke wangu, mpaka akachoka kututumikia na kwenda kulala, nasi tukalazimika kumngoja aamke. Vichwa vilivyozidiwa vingekatwa na kuwekwa kwenye kapu, mbali na mashina. Juu ya kapu tungefunga chandarua. Wadudu weupe hawana mabawa. Wangebaki mle na kufa njaa majani yakikauka. Nyigu wakitoka kwenye majeneza yao wangepita kwenye matundu ya chandarua na kurudi shambani kazini. Hilo nalo nililisoma, sikuwa nimeliona. Chandarua tulichokuwa nacho kilikuwa kimoja, chake. Alikikata nusu bila kusema neno, na tangu siku hiyo nilimsikia usiku akijipiga makofi kuua mbu.

Kapu nikalitundika kwenye mti mkavu mwanzoni mwa shamba, nikaipaka kamba majivu ili sisimizi wasipande. Kila asubuhi nilikwenda kulitazama. Nilipomwona nyigu wa kwanza juu ya chandarua, mweusi, mdogo kama nukta iliyodondoka kwenye karatasi, vipapasio vyake vikiwa na pete nyeupe, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu tuondoke Baraka. Alijisafisha uso kwa miguu ya mbele, akasogea mpaka kwenye tundu, akajipenyeza, akaruka. Niligeuka kumwita mke wangu.

Watu wenye bunduki walikuwa wamesimama kati yangu na kibanda.

Sikuwasikia wakija. Baada ya wiki zote zile za kusikiliza kila tawi, nilikuwa nimeshughulika na nyigu. Walikuwa watano, wamejifunga majani kichwani, na vifuani walining'iniza vichupa vya maji na vifuko vya dawa vilivyoshonwa kwa ngozi. Mkubwa wao alikuwa wa rika langu, mwenye sauti ya kukwaruza, kama aliyekuwa na mafua.

"Wee wa miwani. Kuya hapa."

Nikaenda.

"Hii ni nini?"

"Vichwa vya mihogo, komanda."

"Sababu gani unafunika mihogo na mustikere? Mihogo inapata malaria?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo sote tukaacha.

"Niko nauliza."

Ningeweza kusema ni mbegu. Ningeweza kusema ni chakula cha mbuzi. Hofu huwafunga watu wengine mdomo, mimi hunifungulia. Nikaanza kufundisha.

"Komanda, kuko mududu iliingia huku, inamaliza mihogo ya batu."

"Iliingia kutoka wapi?"

"Inje. Mbali."

"Inje," akarudia, akiwatazama wenzake.

"Ndiyo. Sasa kuko mududu ingine, ndogo, nayo ilitoka inje, inakuja kuua ile ya kwanza. Inaingia ndani yake, inaikula pole pole kutoka ndani, na mwenyewe anaendelea kutembea na kukula kama kawaida..."

Nilisikia maneno yangu yakitoka, na nikasikia yalivyofika. Katika nchi ile, mwaka ule, kila mtu alikuwa akimtuhumu mwenzake kwamba ametoka nje, kwamba ameingia ndani, kwamba anaila nchi kutoka ndani huku akitembea kama kawaida. Watu walikuwa wamekufa kwa sentensi fupi kuliko ile. Nami nilikuwa nimewaundia mhadhara mzima, wenye utangulizi.

"Huyu anasema juu ya nani?" mmoja wao aliuliza, akaishusha bunduki kutoka begani.

"Juu ya badudu," nikasema. "Badudu tu, wandugu. Haki ya Mungu."

Komanda aliinama juu ya kapu. Nyigu wengine wawili walikuwa juu ya chandarua. Aliwaona, nilimwona akiwaona. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na mabadiliko hayo yaliniogopesha kuliko bunduki.

"Yule anakuliwa," aliuliza polepole, "yeye mwenyewe anajua?"

"Hapana, komanda. Mpaka mwisho."

"Na wewe ndiye unazituma."

"Sizitumi. Zinajiendea."

"Ulizifunga mule ndani. Zinatoka moja moja, zinaenda kazi. Mi naona." Akanyoosha kidole kwenye kamba. "Na majivu hii ni ya nini?"

"Ya sisimizi."

"Eeh. Ya sisimizi." Wenzake walikuwa wamerudi nyuma kidogo. "Munganga yetu alikufa, unajua? Mbele ya mwezi kuisha. Dawa yake ilikuwa ya maji tu, ya kuzuia risasi. Haikuzuia. Lakini hii..." Alilitazama kapu kwa heshima ambayo mitihani yangu yote haikuwahi kuipata. "Kitu ya kuingia ndani ya adui, inamukula, yeye hajue. Hii ndiyo dawa tunatafuta. Beba kapu. Unaenda na sisi."

Nilisema mimi ni agronome, mtu wa kilimo, si mganga. Akasema waganga wote wazuri hukataa kwanza. Nilisema mke wangu ana mimba. Akasema ni vizuri, nitakuwa na sababu ya kuifanya dawa haraka. Mmoja alinisukuma kwa mdomo wa bunduki kuelekea mti, nikaanza kuifungua kamba, na vidole vyangu havikujua tena fundo ni nini. Mke wangu alikuwa ametoka nje, amesimama mlangoni, mikono juu ya kichwa, analia bila sauti. Hata wakati ule alikumbuka kulia bila sauti.

Barabara nilikuwa nimeikwepa. Ilikuwa imepanda yenyewe mpaka shambani kunifuata.

Ndipo mama mkwe akatoka nyuma ya kitenge. Alitoka akija moja kwa moja kwetu, ameshika kitambaa chake cha kichwani mkononi, na mimi, nikiwa na bunduki mgongoni, nikafanya nilichofundishwa tangu utoto: nikageuza uso.

"Unaogopa nani?" komanda aliuliza.

"Mama mukwe wangu."

"Aa." Naye akasogea pembeni kumpisha, akainamisha macho. Wote walisogea. Walikuwa watoto wa watu, walijua. Walimfungulia njia kama wanavyomfungulia mkwe wa mtu kwenye kilio, wakingoja apite kati yetu aende zake.

Hakupita. Alifika mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniegemea kifuani.

Sijui niieleze vipi kwa msomaji wa mahali pengine. Kama angenivua nguo mbele yao, isingekuwa vibaya zaidi. Nilisikia mmoja wao akivuta pumzi. Mikono yake ilikuwa migumu na ya moto. Kwa kuwa hapakuwa na pa kugeuzia uso, nilimwona. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Alikuwa na kidevu cha mke wangu.

"Ameharibu!" yule wa bunduki alipiga kelele, akiruka nyuma. "Komanda, huyu mama ameharibu! Dawa yake imekufa!"

"Mama," komanda alisema, bado akitazama chini, "unajua umefanya nini?"

"Nilijikwaa," mama mkwe alisema. Hakuniachia.

"Hujajikwaa. Tulikuona."

"Miguu ya wazee, mwana wangu. Nilijikwaa. Sasa nikimwachia nitaanguka."

Mwanamume aliyeguswa na mama mkwe wake hafai kushika dawa mpaka asafishwe, na kusafishwa kunataka wazee, mbuzi, na muda ambao vita havina. Zaidi ya hapo, uchafu wake huambukiza. Komanda alikuwa ameshika vichupa vyake vya kifuani kwa mkono mmoja, akivikinga. Alirudi hatua, akarudi nyingine. Nilimwona akifikiri. Katika kufikiri huko kulikuwa na njia nyepesi kabisa, ya risasi mbili, naye aliitazama njia hiyo kwa muda. Bunduki yake ilikuwa imeelekea katikati yetu, na sikujua ingemchagua nani. Nadhani kilichotuokoa ni kwamba asingependa damu yetu imrukie.

"Usinikaribie," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemfuata. "Na hii mihogo musiiguse," akawaambia watu wake. "Yote imeharibika. Angalieni vile imejikunja."

Mmoja alilipiga kapu teke la mbali, kwa ncha ya kiatu, likaanguka na kumwaga vichwa. Wakachukua matetea watatu, chumvi, na sufuria. Wakashuka upande wa kijito bila kutugeukia. Mama mkwe alinishikilia mpaka hata majani yaliyokuwa vichwani mwao hayakuonekana tena, kisha akaniachia, akajifunga kitambaa, akageuka, akaingia ndani nyuma ya kitenge chake. Mimi nilizunguka kwenda nyuma ya kibanda, ili tusikutane.

Mke wangu alikaa akinishika mguu. Tulijadili kwa minong'ono kama tukimbie. Wangeweza kurudi. Wangeweza kuwaambia wengine wasiojali mkwe wala mganga. Lakini kukimbia kulikuwa kushuka, na kushuka kulikuwa kizuizi, na mihogo ilikuwa bado imesimama, hakuna hata shina moja lililong'olewa, kwa sababu ya ubaya wake.

Asubuhi yake nilisubiri mama mkwe atoke kwanza. Hakutoka.

"Muulize," nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "alifanya makusudi?"

Mke wangu akauliza.

"Ambia bwana yako nilijikwaa," kitenge kikajibu. "Na umuambie aende aokote vile vichwa. Jua inapanda. Kama kweli kuko kitu ndani, kitakufa."

Nikaenda. Nilipiga magoti kwenye udongo na kuviokota kimoja kimoja, nikitazama kila jeneza la kahawia. Mengi yalikuwa mazima, yamefungwa, na sikuwa na njia ya kujua kama ndani kuna aliye hai. Mengine yalikuwa na lile tundu la duara. Nilirudisha yote kwenye kapu, yenye tundu na yasiyo na tundu, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na hapakuwa na muda wa kuchagua. Nikafunga chandarua. Nikapaka majivu.

Hapo ndipo mwandishi mwenye adabu angesema nyigu waliliokoa shamba. Sijui. Majuma yaliyofuata vichwa vipya vilianza kufunguka upande wa juu, kijani, na tuliona majeneza mengi kuliko wadudu weupe. Lakini mvua nazo zilikuja mapema, na mvua huwasafisha wadudu hao bila msaada wa profesa. Upande wa kijito mashina hayakuamka tena. Tulikula upande wa juu. Mtoto alizaliwa humo kibandani, na mkunga wake alikuwa mama mkwe. Mimi nilikuwa nje, mgongo ukiwa umeelekea ukuta, nikiwaza jambo moja tu: atalia kwa sauti gani.

Alilia kwa sauti kubwa. Sauti ilivuka bonde lote. Sote watatu tulinyamaza tukisikiliza ng'ambo, yeye akiendelea, na hakuna tawi lililovunjika.